Rudisheni Kocsi Kocs

(Hotuba ya Mheshimiwa Dk. Pacsirtay Ödön, Kamishna Mkuu wa Kamisheni ya Urejeshaji wa Urithi Uliotawanyika, aliyoitoa katika ukumbi wa utamaduni wa kijiji chetu cha Kocs, Hungaria. Maneno ni yake yote. Yaliyo kwenye mabano ni yetu sisi tuliokalia viti.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye naona bado anahangaika na koti. Baba Paroko wa Kikatoliki na Mchungaji wa Kireformati, ambao mmeketi mbalimbali kidogo na itifaki imelitambua hilo. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kamati ya Maandalizi, pamoja na Kikosi Kazi kilichoundwa kuzipatanisha. Kamanda wa zimamoto wa kujitolea na tarumbeta yake. Akina mama mliooka vimkate vya pogácsa, ambavyo harufu yake imenifikia hapa jukwaani ingawa sahani haijanifikia. Mabibi na mabwana. Na zaidi ya wote mimi mwenyewe, niliyesimama mbele yenu kwa nafasi zangu tatu, yaani Kamishna Mkuu, Mwenyekiti wa Bodi inayomsimamia Kamishna Mkuu, na Mtathmini Huru wa Bodi hiyo: itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Yalianzishwa na msaidizi wake, akayamalizia yeye mwenyewe.)

Asanteni, asanteni, ketini. Awali ya yote, na kabla sijasahau, kwenye bango pale mlangoni jina langu limeandikwa kwa "i" mwishoni. Pacsirtay inaishia na "y". Hiyo "i" ni ya watu wa kawaida, ndugu zangu. "Y" ni ya watu wenye ukoo. Silisemi hili kwa majivuno, kwa sababu majivuno sina, na nimewahi kutunukiwa nishani kwa kutokuwa nayo. Nalisema kwa kuwa leo tumekutana kwa ajili ya neno, na mtu asiyeheshimu herufi moja ya jina la mgeni wake atawezaje kukabidhiwa neno zima?

(Mwenyekiti alitoka na kalamu kwenda mlangoni.)

Mtakumbuka kwamba vuli ya mwaka juzi nilikuja katika ukumbi huu huu kusikiliza kero za wananchi, kama ilivyo kawaida yangu kila panapokuwa na wapiga picha. Zikatolewa kero za mashimo, kero za mbwa, kero za maji kunuka kutu. Kisha akasimama mama mmoja wa makamo ya juu, Bi Vadkerti Rozália, ambaye ninyi kwa mapenzi yenu mnamwita Shangazi Rozi. Alishika meza kwa mikono miwili, akanitazama usoni, akatamka maneno matatu ambayo hayajatoka kichwani mwangu hadi leo. Alisema: "Rudisheni kocsi Kocs."

(Minong'ono. Bi Piroska, jirani yake Shangazi Rozi, kutoka safu ya tatu: "Kocsi ya wagonjwa! Ile gari ya kumpeleka mjini kusafishwa figo, waliyotuondolea! Alisema wazi kabisa, mimi ndiye niliyekuwa nimemshika kiuno asianguke!")

Nimekusikia, mama, na hisia zako nazipokea. Hisia ni jambo zuri. Lakini Kamisheni haifanyi kazi kwa hisia, inafanya kazi kwa tafsiri. Tuliporudi makao makuu tuliketi na wataalamu, tukalipokea ombi la Bi Rozália kwa uzito wake, tukalifanyia upembuzi yakinifu, tukajiuliza: je, huyu mama, katika undani wa nafsi yake, anaomba nini hasa? Gari la wagonjwa? La hasha. Gari la wagonjwa lipo chini ya idara nyingine, ambayo iliyaondoa magari hayo vijijini kwa nia njema ya kuboresha huduma, na sisi hatuingilii maboresho ya wenzetu. Mama huyu, nikawaambia wataalamu huku nikipiga meza, ni binti wa Kocs. Na binti wa Kocs akisema "kocsi", hasemi habari ya mabati na matairi. Anasema habari ya neno!

(Mzee Ambrus, kinyozi, kwa sauti ya chini isiyokuwa ya chini: "Jamani, huyu kala nini leo?")

Naomba utulivu, maana sasa tunaingia kwenye sehemu ya kitaalamu. Neno kocsi, ambalo leo kila Mhungari hulitumia kwa gari lolote, la farasi au la petroli, la wazima au la wagonjwa, maana yake ya kwanza ilikuwa kitu kidogo tu: "ya Kocs". Basi. Katika zama za Mfalme Mátyás, zaidi ya miaka mia tano iliyopita, barabara ya kutoka Buda kwenda Vienna ilipita hapa, mnapopita ninyi na bata wenu, na mafundi wa kijiji hiki waliunda gari la farasi lililokuwa jepesi na la haraka kuliko mikokoteni yote ya wakati ule. Wasafiri wakalipenda. Likaitwa gari la Kocs, gari la Kocs, hatimaye watu wakachoka kusema gari, wakabaki na "la Kocs", yaani kocsi. Wajerumani wakalichukua, wakaliita Kutsche. Wahispania wakalichukua, wakaliita coche. Waingereza wakalichukua, nao Waingereza mnawajua, wakaliita coach na kukaa kimya kana kwamba walizaliwa nalo. Dunia nzima, ndugu zangu, inapanda jina la kijiji chenu!

(Makofi ya kweli. Hapa lazima tuseme haki: tulipiga wote, hata Bi Piroska.)

Naona mmeguswa. Mimi niliguswa zaidi, ndiyo maana niliunda mara moja Mradi Mkakati wa Kurejesha Kocsi Nyumbani, nikajiteua kuwa kiongozi wa msafara, na kwa muda wa karibu miaka miwili, nikiacha familia, nikiacha starehe za ofisi, nikibebeshwa mzigo wa hoteli baada ya hoteli, nilizunguka Ulaya kulidai neno lenu. Si kazi nyepesi. Vienna walitupokea kwa keki. Tukala, tukadai. Wakasema Kutsche ni la kwao tangu enzi za mababu. Nikawauliza, mababu wa nani? Wakaleta keki nyingine. Madrid tulifika wakati wa usingizi wao wa mchana, na tulipozinduliwa, samahani, walipozinduka, waliniambia wana coche nyingi barabarani kiasi kwamba hawajui waanze kurudisha ipi. Na hapo Madrid, mbele ya bahari ya magari yanayoitwa kwa jina letu, nilimkumbuka Bi Rozália. Nikajisemea, mama, vumilia kidogo, kocsi yako iko njiani.

(Ukumbi mzima ulitazama sakafu. Mheshimiwa alidhani ni heshima, akainamisha kichwa.)

(Bi Piroska: "Wakati wewe unakumbuka huko, yeye alikuwa juu ya tela la trekta la Ambrus, kafunikwa turubai, mvua inamnyeshea! Theluji ilipoanza hata trekta likagoma!")

Na huo, mama, ndio ubunifu wa wananchi tunaousema kila siku! Suala la trekta lilinifikia kwa njia za kitaalamu na limo katika ripoti yetu ya katikati ya mradi, ukurasa wa kwanza, chini ya kichwa "Usafiri Mbadala Unaoendeshwa na Jamii". Wafadhili walilipenda sana. Mzee Ambrus, simama watu wakuone. Hutaki? Basi, unyenyekevu nao ni rasilimali.

Tulipofika London mambo yalikuwa magumu kidogo. Kwanza, yule ofisa aliyetupokea alisema "Koks". Nikamwambia, bwana mkubwa, sisi tunatamka Koch, na kocsi ni kochi, na usipoweza kulitamka jina la mwenyewe, mali umeipataje? Akacheka, akanimiminia chai. Nikamwambia tumekuja kuchukua coach yetu. Akafurahi sana, akatuchorea ramani. Tukaifuata. Ndugu zangu, ramani ile ilitupeleka kwenye stendi ya mabasi! Maana Waingereza siku hizi basi la safari ndefu ndilo wanaloliita coach. Nilisimama pale na mkoba wangu, nikaona mabasi yamepangana, makubwa, yana viti vya kulala na vyoo ndani, yote yamebeba jina la Kocs, na hakuna hata moja linalokuja Kocs!

(Mzee Ambrus: "Si ungepanda moja ukaja nalo, ungepungukiwa nini?" Kicheko kikubwa. Mchungaji alicheka. Paroko alitazama kwanza kama Mchungaji anacheka, ndipo naye akacheka.)

Mzee wangu, hilo basi lilikuwa linakwenda Manchester. Naomba tuwe makini.

Lakini niliyoyagundua huko ni mazito kuliko mabasi. Wanafunzi wa Kiingereza, watu wa utani, walianza zamani kumwita mwalimu anayewavusha kwenye mtihani coach, kwamba anawabeba kama gari linavyobeba abiria. Mchezo ukahamia kwenye michezo, na leo hii anayefundisha mpira duniani kote ni coach. Mtaalamu wetu wa lugha, ambaye yupo pale nyuma, ameniambia kwamba hata Afrika Mashariki, mbali kabisa, wakitaka kumtukana mtu timu ikifungwa, wanamtukana "kocha". Fikirini! Kila Jumapili, nchi baada ya nchi, makocha wanazomewa na kufukuzwa kazi, na kila anayefukuzwa anaondoka na jina la kijiji chenu. Nimeandaa barua ya malalamiko. Tena huko huko wana kiti kipana cha sebuleni, nacho wanakiita kochi, kama tunavyotamka sisi. Maana yake watu wale wanalikalia neno letu, wanalilalia, na watoto wanalirukia na viatu!

(Mtaalamu wa lugha, kutoka nyuma: "Samahani Mheshimiwa, hilo la kiti ni neno jingine, lina asili ya Kifaransa, nilikuambia kwenye treni...")

Mtaalamu huyo mkataba wake unaisha leo. Tuendelee.

(Mtaalamu aliketi. Bi Piroska alimpelekea pogácsa.)

Sasa nije kwenye mafanikio, maana naona wengine mnatazama mlango. Katika mataifa tuliyoyafikia, asilimia themanini na saba yalikiri kuwa hayakujua kwamba yanatumia mali yetu, na asilimia kumi na tatu yaliyobaki hayakufungua mlango. Uelewa umepanda kwa asilimia mia mbili na kumi, na mkiniuliza umepanda kutoka wapi, nitawajibu kutoka chini. Wadau wote wameshirikishwa isipokuwa wale ambao hawakuwepo. Lengo kuu la mradi lilikuwa moja tu, nalo nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe nikitumia maneno ya mama yule, bila kuongeza wala kupunguza: kocsi irudishwe Kocs. Na leo, mabibi na mabwana, iko hapa! Mnaiona hiyo iliyofunikwa kwa kitambaa cha mahameli, kando ya jukwaa? Ndefu, pana, imesimama imara. Najua mmekuwa mkiikodolea macho tangu mnaingia.

(Kweli tulikuwa tunaikodolea macho. Ilikuwa na urefu wa gari. Kuna mama mmoja alisema pengine ni ile ya zamani, wameipaka rangi tu. Ambrus akasema haina magurudumu. Akaambiwa anyamaze.)

Na ili kutimiza haki, sitaifunua mimi. Ataifunua mwenye ombi lake. Ndiyo maana hiki kiti hapa mbele kimefungwa utepe, kimeandikwa jina lake, na hakijakaliwa na mtu. Kwa heshima na taadhima, namwomba Bi Vadkerti Rozália apite mbele avute kamba hii! Tarumbeta!

(Tarumbeta haikulia. Kamanda wa zimamoto aliiweka chini, katikati ya miguu yake.)

Bi Rozália? Hayupo? Jamani, shughuli yake mwenyewe, tumetoka mjini na wapiga picha, halafu yeye anachelewa. Watu wa vijijini na muda, mmh. Kuna anayejua Bi Rozália amekwama wapi? Ndiyo, wewe kijana uliyeshika kofia. Sema kwa sauti, kipaza sauti hicho hapo, usikiumize.

(Huyu ni Vendel, mwanawe wa pekee. Alisema: "Mama tulimzika, Mheshimiwa. Kabla ya Pasaka.")

Oh.

(Msaidizi alipanda jukwaani, akamnong'oneza. Mheshimiwa alipekua karatasi zake, mbele, nyuma, mbele tena.)

Pole sana, kijana. Poleni familia. Kwa kweli Kamisheni haikuwa imepokea taarifa hiyo kwa njia rasmi. Ratiba ilichapishwa akiwa, kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, hai. Tusimame kidogo kumkumbuka. Inatosha, tukae. Kijana, una neno la shukrani kwa niaba ya marehemu? Fupi tu.

(Vendel: "Sina shukrani. Nataka tu ujue. Mimi niko zamu kiwandani, usiku kucha, natoka asubuhi nimekufa kwa uchovu. Gari langu liliharibika Januari. Bi Piroska alimpeleka mpaka macho yake yakakataa kuendesha. Ambrus akampeleka na trekta. Halafu theluji ikafunga. Mama alikuwa anavaa koti, anaweka mkoba mapajani, anakaa dirishani. Nikimwambia, mama, haiji, ananijibu, itakuja Vendel, aliniahidi yule bwana mwenye "y". Alivimba miguu, akavimba uso, bado kakaa dirishani. Basi siku ile kocsi ikaja. Nyeusi, safi, inang'aa, dereva amevaa tai, na haikuchelewa hata kidogo. Kocsi ya wafu. Hiyo haikushindwa na theluji.")

(Hapa watu walilia. Tunaandika kama ilivyokuwa.)

Samahani, kijana, usikae kwanza. Naomba nielewe vizuri, kwa ajili ya kumbukumbu. Unasema kocsi ilikuja?

(Vendel: "Ilikuja.")

Hapa hapa Kocs? Mpaka mlangoni kwa mlengwa, yaani huyo mama aliyetajwa kwenye andiko la mradi?

(Vendel: "Mlangoni. Ikamchukua.")

Katibu, andika! Andika haraka, na saini ya shahidi ichukuliwe kabla hajaondoka! Mabibi na mabwana, mnasikia? Mimi niliahidi kocsi itarudi Kocs, na mbele yenu, bila kushurutishwa na mtu, mtoto wa marehemu amethibitisha kwamba kocsi ilirudi Kocs, ikiwa safi, kwa wakati, na kumhudumia mlengwa bila malipo ya nauli! Kama Mtathmini Huru, natangaza kwamba lengo kuu limetimia kwa asilimia mia moja!

(Bi Piroska alisema neno ambalo Mchungaji ametuomba tusiliandike. Paroko alisema liandikwe. Hawajakubaliana bado.)

Naona hisia ziko juu, na huo ni uthibitisho wa umiliki wa mradi kwa jamii. Basi kamba nitaivuta mimi mwenyewe. Moja, mbili... msaidizi, nisaidie, imejifunga... tatu! Hiyo hapo!

(Mahameli yalianguka. Chini yake palikuwa na herufi tano za mbao, ndefu kuliko mtu, zimepakwa rangi ya dhahabu: KOCSI. Ile ya mwisho ilikuwa imelala.)

Neno lenu limerudi nyumbani! Litazameni, liguseni, ila rangi haijakauka. Sasa sote kwa pamoja, mikono juu. Nikisema "Kocsi", ninyi mseme "Nyumbani". Kocsi! Nasema, Kocsi! Msaidizi, itikia. Kocsi, nyumbani! Neno kwanza, magurudumu baadaye! Kocs oyee! Kamisheni oyee! Bodi oyee! Mtathmini Huru oyee!

(Msaidizi aliitikia mpaka sauti ikamkauka.)

Nimalizie kwa shukrani. Naishukuru Bodi kwa kumwamini Kamishna, na Kamishna kwa kuistahili Bodi. Naushukuru uongozi wa ukumbi wa maigizo wa mjini uliotuazima herufi hizi, na kwa kuwa kesho asubuhi zinahitajika kijiji kingine ambacho nacho kimeomba jambo fulani, nawaomba vijana wenye nguvu wazibebe mpaka kwenye lori lililoegeshwa nje. Lori hilo, kwa masharti ya bima, haliruhusiwi kupakia abiria. Na kwa namna ya pekee kabisa nawashukuru ninyi wananchi kwa subira yenu ya kusubiri gari, subira ambayo imetutia moyo sana wakati wote, hasa kwa kuwa gari halikuwahi kuwemo kwenye mradi huu, halikuombewa fedha, halikuagizwa popote, na hakuna mtu ofisini kwetu aliyewahi kuliwaza.

(Mzee Ambrus alisimama. Alikuwa amesimama kwa shida, kashika kiti cha mbele yake, kile chenye utepe. "Mheshimiwa. Na mimi wiki iliyopita daktari kaniambia figo ndiyo basi tena. Mara tatu kwa wiki, mjini. Trekta nimeshauza. Mimi nitapanda nini?")

Mzee Ambrus, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Nakupa neno langu, la Pacsirtay mwenye "y", mbele ya wanakijiji wote na wapiga picha: kocsi ile ile iliyomfikia Bi Rozália itakufikia na wewe. Asanteni kwa kunisikiliza.